Utamu Usiolika: Historia ya Manukato Yanayonukia Vyakula Vitamu tangu Mwaka 1874

Utangulizi

Mwaka 1992 nyumba ya mitindo ya Thierry Mugler ya jijini Paris ilitoa manukato yaliyopewa jina la Angel. Yalikuwa ya rangi ya buluu, yametiwa katika chupa yenye umbo la nyota, na yalinukia sukari iliyoungua, chokoleti, asali na matunda. Waandishi wengi wa historia ya manukato huanzia hapo wanapoeleza chimbuko la kundi ambalo Wafaransa huliita gourmand, neno ambalo katika matumizi ya kawaida humtaja mtu apendaye kula vizuri, na pengine kula kupita kiasi. Katika insha hii kundi hilo linaitwa manukato ya mapochopocho.

Insha hii inakubali kwamba mwaka 1992 una uzito wake. Inachokipinga ni simulizi kwamba kabla ya hapo mtu mzima hakuwahi kujipaka kitu chenye kunukia kama chakula kitamu. Hoja inayotetewa ni kwamba utamu ulikuwamo ndani ya manukato ya Ulaya kwa zaidi ya miaka mia moja kabla ya Angel, lakini ulifunikwa kwa maua, kwa ukungu wa miti na kwa majina ya mbali. Mwaka 1992 kifuniko kiliondolewa. Hoja hii ikikubaliwa, swali la mtafiti hubadilika. Halibaki kuwa swali la nani alibuni kwanza, bali huwa swali la kwa nini utamu ulihitaji kufichwa, nani aliulipia wakati umefichwa, na kwa nini ulipojitokeza hadharani wale walioufurahia walitazamwa kama watoto.

Lugha ya Kiswahili inatoa mahali pazuri pa kulitazamia jambo hili. Kiswahili hutenganisha kunuka na kunukia, na mpaka kati ya vitenzi hivyo viwili ni wa thamani tu: kibaya hunuka, kizuri hunukia. Hakuna mpaka wa pili unaotenga harufu ya jikoni na harufu ya chumba cha bibi harusi. Pilau hunukia, iliki hunukia, asumini hunukia, na nguo iliyofukizwa hunukia, vyote kwa kitenzi kimoja. Msemaji wa Kiswahili anayesikia kwamba Wafaransa walihitaji kundi jipya kwa ajili ya manukato yanayonukia chakula ana haki ya kuuliza ni nini hasa kilichokuwa kimewazuia.

Vanilini na karafuu

Historia ya utamu katika manukato ya viwandani huanza na vanila, zao lililofika katika visiwa vya Bahari ya Hindi likitokea Mexico na kushindwa kuzaa kwa kukosa wadudu wa kulichavusha. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Bourbon ambacho leo huitwa Réunion, kijana mtumwa wa miaka 12 aliyeitwa Edmond Albius alionesha namna ya kulichavusha ua kwa kijiti na kidole gumba. Njia hiyo ndiyo inayotumiwa hadi leo Madagaska na Komoro, ua kwa ua, asubuhi kwa asubuhi, kwa kuwa kila ua huchanua kwa siku moja tu. Albius aliachwa huru mwaka 1848 utumwa ulipofutwa katika makoloni ya Ufaransa, na akafa maskini mwaka 1880. Vanila iliyotokana na maarifa yake ilibaki kuwa bidhaa ya watu wachache wenye fedha.

Wanakemia ndio walioishusha bei ya harufu hiyo. Mwaka 1858 Nicolas-Théodore Gobley, mwanakemia wa Ufaransa, aliitenga vanilini, kiini kinachotoa sehemu kubwa ya harufu ya vanila. Mwaka 1874 Wajerumani wawili, Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann, walifaulu kuitengeneza vanilini kutokana na koniferini, kitu kinachopatikana katika utomvu wa misonobari, na Haarmann akajenga kiwanda katika mji wa Holzminden. Muda mfupi baadaye Karl Reimer aliungana naye, na kampuni ikaitwa Haarmann & Reimer. Jina hilo litarejea mwishoni mwa insha hii katika mazingira tofauti kabisa.

Utomvu wa misonobari haukuwa chanzo cha kutegemewa kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1890 njia nyingine ilichukua nafasi yake, na hapo ndipo historia ya manukato ya Ulaya inapokutana na historia ya Unguja na Pemba. Mafuta ya karafuu kwa sehemu kubwa ni yujenoli. Yujenoli ikichemshwa pamoja na magadi makali hubadilika kuwa isoyujenoli, nayo isoyujenoli ikioksidishwa hutoa vanilini. Hadi kufikia miaka ya 1920 njia hii ndiyo iliyotawala utengenezaji wa vanilini, kabla ya miaka ya 1930 ambapo viwanda vilianza kutumia lignini, taka ya viwanda vya karatasi.

Katika kipindi hicho hicho Unguja na Pemba ndizo zilizokuwa zikitoa sehemu kubwa kuliko zote ya karafuu iliyouzwa duniani. Kimbunga cha Aprili 1872 kilikuwa kimeiangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na uzito wa zao ukahamia Pemba. Hali ya utumwa kisheria ilifutwa katika visiwa hivyo mwaka 1897 tu, na hata baada ya hapo wengi wa waliokuwa watumwa waliendelea kuchuma kwa masharti ya wenye mashamba. Kwa maneno mengine, viwanda vya vanilini vilipogeukia karafuu, malighafi hiyo bado ilikuwa ikichumwa kwa kiasi kikubwa na watu wasio huru. Hoja hapa si kwamba chupa fulani ya manukato ya Paris inaweza kufuatiliwa hadi shamba fulani la Wete au Mkoani. Ni kwamba soko zima la utamu wa bei nafuu lilisimama juu ya zao ambalo wachumaji wake hawakuwa na habari kwamba karafuu waliyoianika majamvini ingegeuka kuwa harufu ya keki. Hata makonyo, vijiti ambavyo mchambuaji huvitenga na karafuu yenyewe, yalikuwa na soko kwa sababu ya mafuta yake, na Pemba ina kiwanda cha kuyakamua hadi leo. Mchambuaji alilijua pishi, na bei ya pishi. Safari ya yujenoli baada ya bandari haikuwa sehemu ya hesabu yake.

Tofauti ya kumbukumbu ni kubwa. Tiemann na Haarmann wanatajwa katika kila historia ya kemia ya harufu. Albius ametajwa kwa kuchelewa. Wachumaji wa Pemba hawatajwi kabisa, ingawa bila karafuu yao kuna miaka thelathini hivi ya historia ya vanilini ambayo haielezeki.

Tunda lililofichwa

Watunzi wa manukato wa Paris waliipokea vanilini mapema. Mwaka 1889 Aimé Guerlain alitoa Jicky, ambamo vanilini na kumarini, kitu kilichotengenezwa kwa mara ya kwanza na William Henry Perkin mwaka 1868, viliwekwa pamoja na lavanda. Mwaka 1925 Jacques Guerlain alikwenda mbali zaidi na Shalimar, akitumia ethilivanilini, ambayo nguvu yake ni mara kadhaa ya ile ya vanilini. Masimulizi ya nyumba hiyo yanasema kwamba aliimimina ndani ya Jicky ili kuona itakuwaje. Iwe kweli au hadithi ya kuuzia bidhaa, mtu yeyote anayevuta Shalimar leo hukutana na kitu kilicho karibu sana na maziwa yaliyochemshwa kwa vanila, kikiwa kimezungukwa na moshi, ngozi na limau. Hata hivyo, nyumba ya Guerlain haikuyauza kama maziwa. Iliyauza kama bustani za Mughal za India. Utamu uliruhusiwa kuwapo kwa sharti la kuvaa vazi la mbali.

Matunda nayo yalipitia njia hiyo hiyo. Mitsouko, iliyotoka mwaka 1919, inabeba laktoni yenye harufu ya pichi lililoiva, lakini pichi hilo limelazwa juu ya ukungu wa mialoni mpaka mvutaji asiyeambiwa anaweza asilitambue. Femme ya Rochas, kazi ya Edmond Roudnitska iliyotolewa mwaka 1944, ina plamu iliyopikwa ndani yake, na wanaoijua husema plamu hiyo ndiyo moyo wa kazi yote. Jina lake lina maana ya mwanamke, si tunda. Mwaka 1990 Lancôme walitoa Trésor, utunzi wa Sophia Grojsman, ambamo waridi na pichi vinasikika pamoja na haiwezekani kusema kimoja kinaishia wapi. Kufikia hapo kifuniko kilikuwa chembamba sana.

Kwa nini kilihitajika? Jibu la haraka ni dini: ulafi uko miongoni mwa dhambi saba kuu katika mafundisho ya Kikatoliki, na neno linalotaja kundi hili limetoka katika msamiati wa dhambi hiyo. Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi, kwa sababu manukato ya Paris hayakuwa na woga wa dhambi nyingine, hasa ya uzinzi, ambayo majina na matangazo yake yaliichezea bila kificho. Maelezo yenye nguvu zaidi ni ya kitabaka. Harufu ya sukari na tunda ilikuwa harufu ya mahali pa kazi: jiko, tanuri ya mikate, kibanda cha peremende. Mwanamke aliyenunua manukato ya Guerlain alikuwa na mtu mwingine wa kumpikia. Kunukia jikoni kulimaanisha kuchukuliwa kuwa yeye ndiye mpishi.

Sukari katika chetezo

Kwamba kifuniko hicho ni desturi ya mahali na si tabia ya pua ya binadamu kunathibitishwa na desturi za mahali pengine, na mfano ulio karibu zaidi na wasomaji wa insha hii ni udi wa pwani ya Afrika Mashariki. Mti wa udi wenyewe hutoka Asia, umekuja na majahazi, na vipande vyake vikichomwa peke yake hutoa moshi mzito usio na utamu mwingi. Lakini udi unaopikwa Unguja, Mombasa na Lamu, sawa na bukhuri ya Omani na Ghuba, mara nyingi hupikwa kwa sukari. Sukari huwekwa motoni hadi iyeyuke na kugeuka rangi, kisha hutiwa vipande vya udi, sandali ya unga, miski, ambari, marashi na mafuta mengine kadiri ya siri ya mpishi. Mchanganyiko ukipoa huwa mkavu, na hukatwa au kupondwa. Siku ya kutumiwa huwekwa juu ya makaa ndani ya chetezo, nguo hutandazwa juu ya tenga, na moshi wenye utamu wa sukari iliyoungua huingia katika kanga, katika nywele na katika mashuka ya maharusi.

Inaweza kudaiwa kwamba sukari katika udi ni gundi tu, na kwamba lengo la mpishi ni harufu ya miti na miski. Dai hili linastahili kujibiwa kwa uzito. Ni kweli kwamba sukari hushikamanisha vipande na kuyahifadhi mafuta. Lakini mpishi mwenye ujuzi huingojea sukari hadi ifike rangi anayoitaka, na huiondoa kabla haijawa chungu. Kama ingekuwa gundi peke yake, subira hiyo isingekuwa na maana. Aidha, sukari inapoungua huzalisha, miongoni mwa vitu vingine, maltoli, kitu kile kile ambacho ndugu yake wa kiwandani angekuja kuitengeneza Angel. Mwanamke wa pwani aliyepika udi alikuwa akifanya kazi ya kemia ya harufu ya sukari kwa sufuria na mwiko, na hakuna aliyemwona kuwa anacheza. Huo ulikuwa ujuzi wa watu wazima kwa ajili ya shughuli za watu wazima: harusi, kutoka eda, kumpokea mgeni, kumngojea mume.

Ifahamike kwamba hapa hakuna madai ya uzazi. Mugler hakuchukua chochote kutoka Unguja. Desturi hizi mbili zilikua bila kujuana, na umuhimu wa kuzilinganisha ni kuonesha kwamba aibu ya kunukia sukari haikuwa ya lazima.

Mwaka 1992

Maltoli ilijulikana na wanakemia tangu karne ya 19, ilipotengwa kutoka katika gome la mti wa jamii ya misonobari na baadaye kutambuliwa katika kimea kilichokaangwa. Ethilimaltoli, yenye nguvu mara kadhaa zaidi na isiyopatikana kwa asili, ililetwa sokoni na kampuni ya Pfizer katika miaka ya 1960 kama kionjo cha vyakula. Kwa miaka mingi ilikaa upande huo wa ukuta: katika peremende, jamu, vinywaji na tumbaku. Ukuta wenyewe ulikuwa mwembamba kuliko unavyoonekana, kwa sababu kampuni kubwa zinazotunga manukato ndizo hizo hizo zinazotengeneza vionjo vya vyakula. Quest, kampuni aliyokuwa akiifanyia kazi Olivier Cresp, mtunzi wa Angel, ilikuwa na idara zote mbili. Kitu kilichovuka ukuta mwaka 1992 kilikuwa kimekaa katika jengo la pili.

Thierry Mugler, aliyezaliwa Strasbourg mwaka 1948, alitaka manukato yamrudishe katika viwanja vya maonesho vya utotoni mwake, penye sukari inayosokotwa kama pamba, chokoleti na karameli. Kutimiza ombi hilo kwa ethilimaltoli kungekuwa rahisi, na kungechosha baada ya dakika tano. Uamuzi wa Cresp uliokuwa wa kisanii hasa ni kuweka mkabala wake pachuli nyingi mno, jani kavu lenye harufu ya udongo na chumba cha chini kisichopigwa na jua. Matunda na asali hukaa katikati ya ncha hizo mbili. Maua, ambayo kwa muda mrefu yalikuwa uti wa manukato ya kike, hayaonekani kuongoza. Ndiyo sababu Angel huonekana kuwa tamu na kali kwa wakati mmoja, na ndiyo sababu wengi wa waliojaribu kuiga sukari yake bila pachuli yake waliishia na sharubati.

Mazingira ya soko hayakuiandalia njia. Miaka hiyo ilielekea kwenye maji na usafi: L'Eau d'Issey ilitoka mwaka huo huo wa 1992, na CK One ikafuata mwaka 1994, yote yakiahidi ngozi iliyooshwa. Angel ilipokewa kwa kusitasita, ikaenezwa zaidi kwa mtu kumnusisha mwenzake kuliko kwa matangazo, na kufikia mwisho wa muongo ilikuwa ikishindana na Chanel N°5 katika mauzo ya Ufaransa.

Baadhi ya wachambuzi wameeleza mafanikio haya kwa hofu ya unene: mwanamke aliyenyimwa keki aliruhusiwa kuinusa. Maelezo hayo yana mvuto, na huenda yanawahusu baadhi ya wanunuzi, lakini yanamfanya anayefurahia harufu kuwa mgonjwa anayetafuta mbadala. Hayaelezi kwa nini watu wa Ghuba na wa pwani ya Afrika Mashariki, ambao karamu zao hazikuwa na upungufu wa halua, walipenda sukari katika moshi kwa muda mrefu. Furaha ya harufu tamu si furaha ya kula iliyokatizwa. Mlaji hushiba na utamu humkinai, lakini mwenye kunukia hubeba utamu huo kutwa nzima, na walio karibu naye hupata sehemu yao bila chake kupungua. Kwa tabia hiyo manukato haya yako karibu na ukarimu kuliko ulafi, jambo ambalo mwenye nyumba anayemfukizia mgeni udi hahitaji kuelezwa.

Dharau na bei

Baada ya Angel njia ilikuwa wazi. Lolita Lempicka ya mwaka 1997 na Hypnotic Poison ya mwaka 1998, zote zikiwa kazi za Annick Menardo, zilionesha kwamba kundi hili lina nafasi ya ufundi mkubwa. Mwaka 2005 Miss Dior Chérie ilileta stroberi na bisi zenye karameli, na Fantasy ya Britney Spears ikaleta harufu ya keki ndogo na chokoleti nyeupe kwa bei ambayo msichana wa shule angeweza kuidunduliza. Mwaka 2012 Lancôme ilitoa La Vie Est Belle, ambamo pralini imechanganywa na mizizi ya irisi, na utamu ukawa kawaida ya soko zima.

Dharau ilifuata, na mwelekeo wake unafundisha. Manukato haya yaliitwa ya kitoto, ya bei rahisi, ya kukinaisha. Ikiwa tatizo lingekuwa sukari yenyewe, hukumu ingeziangukia chupa zote sawasawa. Haikuwa hivyo. Baccarat Rouge 540 ya Maison Francis Kurkdjian, iliyoingia sokoni mwaka 2015, hutambuliwa na wengi kwa harufu yake ya sukari iliyoungua, lakini kwa kuwa bei yake ilikuwa ya juu na jina lake limetoka katika nyumba ya kioo cha kifahari, iliandikwa kwa heshima. Ni vigumu kuepuka uamuzi kwamba kilichodharauliwa ni umri na mfuko wa mnunuzi. Harufu ile ile ilikuwa ya kitoto kwa msichana na ya kina kwa tajiri.

Hesabu ya malighafi nayo iliendelea kuwa ile ile ya zamani kwa sura mpya. Sehemu kubwa kabisa ya vanilini inayotumika leo ni ya viwandani, lakini lebo za bei ya juu hupenda kuitaja vanila ya Madagaska. Kimbunga Enawo kilipoipiga nchi hiyo Machi 2017, wakati soko lilikuwa tayari na uhaba, bei ya kilo moja ilipanda hadi mamia ya dola, na wakulima wa kaskazini mashariki wakalazimika kulala mashambani kulinda maganda yasiibwe usiku, au kuyavuna kabla hayajakomaa. Baada ya hapo bei ilianguka. Mpandaji anayelichavusha ua kwa mkono, kama Albius, ndiye asiye na namna ya kungoja.

Nani mwenye harufu

Swali la umiliki lilifika mahakamani kupitia Angel yenyewe. Thierry Mugler Parfums iliishtaki kampuni ya Molinard kwa madai kwamba manukato yake yaitwayo Nirmala yalifanana mno na Angel, na tarehe 24 Septemba 1999 Mahakama ya Biashara ya Paris ilikubali kwamba manukato yanaweza kuwa kazi ya akili inayolindwa na hakimiliki, kama wimbo au mchoro. Kwa muda ilionekana kwamba sukari iliyokutana na pachuli imepata mwenyewe.

Tarehe 13 Juni 2006 mahakama ya juu ya Ufaransa katika kesi za madai iliamua kinyume. Kesi haikuhusu kampuni mbili, bali mtunzi wa manukato aliyedai haki juu ya kazi aliyoifanya akiwa mwajiriwa, na mdaiwa alikuwa Haarmann & Reimer, jina lile lile lililozaliwa Holzminden pamoja na vanilini. Mahakama ilisema kwamba harufu ya manukato hutokana na utekelezaji tu wa ujuzi, na kwa hiyo hailindwi na hakimiliki. Siku tatu baadaye, tarehe 16 Juni 2006, mahakama ya juu ya Uholanzi ikaamua kwamba Trésor inaweza kulindwa. Pichi na waridi lile lile likawa kazi ya sanaa upande mmoja wa Ubelgiji, na ufundi wa mikono upande wa pili.

Uamuzi wa Ufaransa umekosolewa kwa kumdhalilisha mtunzi, na ukosoaji huo una haki: mizani ya Cresp kati ya sukari na pachuli ni fikra, haikujitokeza yenyewe katika beseni. Hata hivyo uamuzi huo uliacha wazi mlango ambao kwingineko haukuwahi kufungwa. Mapishi ya udi hayakuwahi kuwa na mmiliki mmoja. Yalipita kutoka kwa somo kwenda kwa mwari na kutoka kwa bibi kwenda kwa mjukuu, kila mmoja akizidisha au kupunguza, na aliyeficha kipimo chake alikificha kwa ulimi wake, si kwa hati. Watengenezaji wa Ghuba wa karne hii wanafanya kazi katika uwazi huo huo, wakiyatazama manukato ya Paris na mapishi ya bukhuri kwa jicho moja. Khamrah, iliyotolewa na kampuni ya Lattafa ya Falme za Kiarabu mwaka 2022, inaweka pralini, mdalasini na vanila pamoja na tende, tunda ambalo watunzi wa Paris hawakuwa na sababu ya kulifikiria. Manukato ya namna hiyo huuzwa leo katika maduka ya Dar es Salaam na Mombasa, mara nyingi kwenye rafu moja na makopo ya udi uliopikwa kwa sukari.